Pini ya Ndege ya Melini

Bwana Stoo alikuwa hashiki chuma kipya kabla hajanawa mikono na kuifuta ikauka. Hata mteja awe na haraka, hata bodaboda iwe inanguruma mlangoni, atasubiri mpaka mzee anawe. Jasho lina chumvi, alisema, na chumvi ndiyo inayoanza kula. Sisi wa mtaa wa Nyasubi tulicheka. Kahama hakuna bahari, chumvi tunaijua ya kwenye mboga. Lakini yeye alifanya kazi miaka tisa huko Uarabuni, bandarini, kwenye stoo ya vipuri, na vipuri vyenyewe vilikuwa vya ndege za kivita zinazokaa juu ya meli. Huko, alisema, chumvi haisubiri kijiko. Inakuja na upepo, inalala juu ya chuma, na asubuhi chuma kinang'aa kama jana, kumbe kimeshaanza kuliwa.

Naandika habari zake kwa sababu kuna kitu kilitoka kwenye stoo yake kwa mkono wangu, na mdogo wangu Shija akafa nacho. Miaka miwili nilimpelekea mzee huyo chai kila siku bila kumwambia. Nitafika huko. Kwanza nataka ajulikane.

Stoo yake ilikuwa fremu moja ya duka katika safu ya fremu, ubavuni kwa Fundi Geti, mchomeleaji wa mageti na madirisha. Aliuza vitu vya winchi: ndoano, pini, beringi, mikanda, kamba za chuma. Wateja wake walikuwa wachimbaji wadogo wanaotoka upande wa Bulyanhulu na Geita, watu wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu ambayo mtu hushushwa na kupandishwa kwa ndoo kubwa na winchi. Kila kifaa kilichoingia mle alikifunga lebo aliyoikata kwenye bati la debe la mafuta ya kula. Kwa msumari alikwaruza siku kilipoingia, mzigo kinaoweza kubeba, na idadi ya safari kitakazokwenda kabla ya kustaafu. Hakuandika kustaafu. Aliandika KUFA. "Itakufa safari elfu mbili," mteja alisoma, akacheka, akalipa, akaitupa lebo nje ya mlango. Jioni mzee alipita na kuziokota.

Salamu yake ilikuwa moja. Ukimpa shikamoo atajibu, "Marahaba. Umehesabu?" Aliwaambia waendesha winchi waweke kopo, na kila mtu akishuka watumbukize kokoto. Kopo likijaa waje. Wachache walifanya hivyo kwa wiki mbili, tatu. Wengine walimwita mwehu. Walisema ameharibiwa na jua la Waarabu.

Mimi nilifika kwenye baraza yake nikiwa na miaka kumi na saba. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujageuka, na nikaacha shule nikiwa kidato cha pili kwa sababu nyuma yangu walikuwepo mapacha, Kulwa na Doto, na nyuma ya mapacha Shija, ambaye alikuwa hata hajaanza darasa la kwanza. Mama aliniambia neno moja tu la maana siku zile za mwisho: wasipungue. Sikuahidi kwa sauti, niliitikia kwa kichwa. Nikatafuta mahali pa kukaangia chapati, na mwenye fremu zote alikuwa amekwisha kunifukuza mara mbili, ndipo Bwana Stoo aliponiambia niweke jiko upande wa mashariki wa baraza yake ili moshi wa mafuta usiingie ndani. Hakuniuliza habari za msiba. Aliuliza kama najua kusoma kipimo. Nilisema hapana. Siku hiyo hiyo alinionyesha kipimo chake cha chuma chenye taya mbili, akanipa pini, akaniambia nimtafutie mahali ilipokonda. Nilitafuta mpaka chapati ikaungua.

Hivyo ndivyo alivyokuwa na huruma. Usipokuwa makini utadhani hana.

Fundi Geti ndiye aliyekuwa akimchokoza. Siku moja, wateja wamejaa mezani kwangu, alikaa na kikombe chake akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mzee, hebu tueleze tena. Ndege inatua juu ya meli. Kama nzi juu ya sahani."

"Nzi hana ndoano," Bwana Stoo akajibu, bila kuinua kichwa.

Watu walicheka, naye akaja. Alivuta uzi wa kushonea kukatisha meza yangu, akamwambia Fundi ashike ncha moja na mimi nyingine. Kisha akachukua kijiko kilichopinda, akakikimbiza juu ya meza kutoka mwisho mmoja. Kijiko kikadaka uzi, uzi ukavutika, kijiko kikasimama sentimita chache kabla ya kuanguka. Ndivyo inavyokuwa, alisema. Meli ni fupi na ndege ina mbio. Chini ya mkia ina mguu wenye ndoano, na juu ya meli imetandazwa kamba ya chuma. Ndoano ikikosa kamba, rubani apae tena. Ikidaka, ndege inasimama ipende isipende. Na mguu ule umeshikwa na pini.

"Pini ikikatika?" mmoja akauliza.

"Ndiyo maana nilikuwa na kazi," akasema.

Kazi yake ilikuwa kupokea, kuhesabu na kutoa. Ndege zenyewe aliziona kwa mbali mara chache, na meli mara mbili tu, zote mbili ikiwa imesimama mbali na gati kama kilima. Hakupanda. Lakini alijua kila pini ya ndoano imetua mara ngapi, kwa kuwa karatasi zilipita mkononi mwake. Ikifika idadi yake ilitolewa, hata kama ni nzuri kuliko mpya. Ncha zake zilipakwa rangi nyekundu, pini zikawekwa kwenye sanduku, sanduku likapelekwa kwenye mashine ya kukatia. Hazikutupwa hivi hivi, kwa sababu mtu angeziokota. Chuma hakisahau mzigo, alikuwa akisema. Wewe umesahau, macho yako yamesahau, chenyewe kinakumbuka kila siku kilipovutwa.

Kwa hiyo na yeye alikata. Ukimletea ndoano aipime, akaikuta imekwisha, hakurudishii. Anaifunga kwenye jiliwa pale mbele yako na kuikata kwa msumeno wa chuma, vipande viwili, huku akikohoa. Wengine waliona ni wizi. Kwa wachimbaji ilikuwa mbaya kuliko wizi, maana kwao ndoano iliyowahi kupandisha mawe yenye dhahabu ina nyota. Duara likitema, yaani likitoa dhahabu, hakuna anayethubutu kubadilisha kitu: si ndoano, si kamba, si hata shati la mwendesha winchi. Nimemwona mwenye duara mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, analia kwenye baraza yetu vipande viwili vikiwa miguuni pake. "Umenikatia nyota yangu," alisema. Mzee akamwambia nyota ziko juu, hii ni ndoano. Yule bwana akampiga ngumi. Bwana Stoo alitema jino kwenye kiganja, akaliangalia, akaingia ndani, akanawa mikono, akatoka na ndoano mpya yenye lebo. Akampa bure. Yule bwana aliipokea lakini hakusema asante, na alipofika kwenye bodaboda yake niliona akiitupa lebo.

Sasa, huyo mtu aliyekata vitu vya wenzake, vyake mwenyewe hakuvigusa. Baiskeli yake ilikuwa na mnyororo uliounganishwa kwa waya. Alikuwa na sukari, daktari alimpa vidonge, na yeye aliyehesabu safari za ndoano za watu asiowajua hakuwahi kuhesabu vidonge vyake. Chai alitaka vijiko vinne. Mimi ndiye niliyemwekea. Nilisema, "Mzee, daktari alikataza," naye akasema, "Weka, mayu," yaani mama, "hii si winchi," nami nikaweka.

Na alikuwa na ile pini.

Ilikaa kwenye kabati la ndani, imefungwa kwenye kitambaa cha kanzu. Nene kama dole gumba la mguu, ndefu kama kiganja, laini, nzito kuliko unavyotegemea, ncha zake nyekundu. Lebo yake ilikuwa na neno moja tu: IMEKUFA. Alinionyesha mwaka wa tatu nikiwa pale, akaniambia alivyoipata. Alitumwa apeleke sanduku kwenye mashine ya kukatia, akatoa moja, akaiweka kwenye kopo lake la chakula chini ya wali. Kama wangemkamata angefungwa. Alitaka watu wa nyumbani waone kwa macho kwamba hakusema uongo. Nikamuuliza mbona hajaikata. Akasema chuma kile ni kigumu mno, kinamaliza meno ya msumeno, amejaribu. Nadhani alijaribu kweli. Lakini alikuwa akiipangusa kila Ijumaa kwa mafuta, kama mtu anayemwogesha mtoto, na mtu hajaribu sana kukata kitu anachokiogesha.

Shija alikulia kwenye baraza ile. Kulwa akasomea ualimu, Doto akafungua saluni Kagongwa, yeye shule ilimshinda, na alipofika miaka ishirini na mbili akaniaga kwamba amepata kazi kwenye duara. Nilikataa. Tulinuniana wiki nzima. Mwishoni Bwana Stoo ndiye aliyeniambia nimwache, maana atakwenda tu, bora aende anajua kuhesabu. Akampa Shija kopo. Shija alikuwa na mdomo. Akasema, "Babu, nikijaza nakuletea au nalinywea pombe?" Lakini alihesabu. Kila alipokuja mjini alinitajia: dada, mia nne. Dada, mia sita na kumi.

Macho ya mzee yalianza kwenda mwaka ule. Aliona moshi upande mmoja, baadaye pande zote mbili. Wanawe walipompeleka hospitali Mwanza aliniachia funguo. Hakuniachia maagizo mengi: ninawe, nipime, nikate.

Siku ya nne ya kukaa kwake huko Shija alikuja, saa tano asubuhi, ametapakaa tope la mvua. Alileta pini ya winchi yao, pamoja na ndoano yenyewe. Kopo limejaa, akasema, mwenye duara hataki kusikia, lakini yeye ameichomoa na kuja nayo. Nilijivunia. Nilinawa, nikapima, nikakuta imekonda katikati. Nikaifunga kwenye jiliwa nikaikata. Nilifanya kama nilivyofundishwa, na nilipomaliza nikageukia rafu kumpa nyingine, na ya unene ule haikuwepo.

Mzigo ulikuwa unatoka Mwanza, siku mbili au tatu. Shija alishika kichwa. Watu kumi na wanne wamekaa juu ya shimo wanamsubiri, akasema. Asiporudi na pini leo mwenye duara atamfukuza, na atafunga nondo yoyote, na wenzake watashuka nayo.

Wakati anasema alikuwa akiangalia kabati. Lilikuwa wazi kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na mimi nilikuwa nimetoa pini ya mzee niipanguse kwa niaba yake. Aliinyanyua. Akaipima kwa macho, akaiingiza kwenye tundu la ndoano aliyokuja nayo. Iliingia kama iliyochongwa humo.

"Shija, hiyo imekufa."

"Dada, hii imeshika ndege." Akacheka. "Ndege na mabomu yake. Mimi nina kilo ngapi?"

"Ina lebo."

"Siku tatu tu. Mzigo ukifika nakuja nairudisha, babu hatajua."

Niliijua ile sheria kuliko mtu yeyote Kahama nzima. Nilikuwa nimetoka kuitumia, unga wa chuma ulikuwa bado kwenye vidole vyangu. Lakini nilikuwa pia nimesikia kwa zaidi ya miaka kumi jinsi ile pini ilivyosimamisha ndege, na nilikuwa nimeishika Ijumaa nyingi, na ilikuwa inang'aa. Nikaifungua lebo kwa mkono wangu nikaitia mfukoni mwa aproni. Shija alifuta rangi nyekundu kwa petroli ya bodaboda, ili mwenye duara asiulize.

Mzigo ulichelewa. Siku ya sita, saa tisa alasiri, Shija akiwa kwenye ndoo anapandishwa, amebakiza urefu wa nyumba mbili kufika juu, pini ikakatika.

Sitaandika juu ya mazishi. Pale kwenye duara walisema pini mpya haikuwa na nyota. Mwenye duara alikwenda kwa mganga, mganga akasema ni husuda ya jirani. Serikali ikaja ikafunga shimo. Hakuna aliyesema ile pini ilitoka wapi, na mimi sikusema. Mwenzake Shija mmoja aliniletea nguo zake kwenye mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na nusu ya pini. Nusu nyingine ilibaki chini. Niliiweka ndani ya debe la unga pamoja na lebo.

Bwana Stoo alirudi kutoka Mwanza haoni. Alinipa pole, akashika mkono wangu muda mrefu. Niliogopa ataomba kitambaa chake cha kanzu. Hakuomba. Ijumaa ilipita, na nyingine. Nikajiambia amesahau, au anadhani ipo. Alikaa kwenye kiti mlangoni, mimi nikiendelea kuuza na kupima, naye akiniuliza kila kilichotoka na lebo yake. Chai nilianza kumpa bila sukari, akainywa bila kulalamika. Miaka miwili tulikaa hivyo.

Mwaka huu wanawe wakaamua stoo ifungwe. Mnunuzi wa chuma chakavu angekuja na gari kuchukua kila kilichobaki. Siku moja kabla, mzee akaniambia tupitie vyote. Vizima viende kwa Fundi Geti avigawe. Vilivyokufa vikatwe kabla gari halijafika, vyote, maana mtu wa chakavu anauza tena. Tulifanya toka asubuhi. Mimi nilitaja, yeye aliamua, nami nikakata. Alasiri nikafagia.

"Vimekwisha?" akauliza.

"Vimekwisha, mzee."

"Kimebaki kimoja."

Niliegemeza ufagio ukutani. Alikuwa amegeuza uso mahali nilipo, macho yake meupe.

"Nilipapasa kitambaa wiki niliyorudi," akasema. "Kilikuwa kitupu. Nikaambiwa Shija amekufa kwa pini. Mimi si mtoto."

Nikakaa chini kwenye sakafu. Nilimweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa: tope, jiliwa, watu kumi na wanne, petroli. Nilimwambia kwamba lebo niliifungua mimi, Shija hakuigusa. Nilimwambia neno la mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ipo?"

Nilikwenda nyumbani nikaileta, bado na unga. Kwanza aliomba maji. Alinawa, akajifuta kwa kanzu yake, ndipo akaipokea. Alipitisha kidole gumba juu ya mkatiko, polepole, akirudia rudia, kama mtu anayesoma. Kisha akachukua kidole changu akakiweka hapo.

"Huku unasikia nini?"

"Laini. Kama ukucha."

"Na huku?"

"Panakwaruza. Kama sukari."

"Hapa pa sukari ndipo palipokatika siku ya Shija. Hapa pa ukucha palikatika zamani, baharini, kidogo kidogo, kila ndege ilipotua. Pima wapi ni pakubwa."

Sikuhitaji kipimo. Ukucha ulikuwa umechukua karibu theluthi mbili.

"Nilipoificha chini ya wali ilikuwa tayari hivi," akasema. "Nimeileta Kahama ikiwa maiti, nikaipaka mafuta."

Nilimwambia hiyo hainiondolei mimi lawama. Akasema hapana, haikuondolei. Alisema hivyo kwa upole, na namshukuru mpaka leo kwamba hakunidanganya. Kisha akasimama, akaweka mkono mmoja begani kwangu, na mwingine ukiwa na ile nusu ya pini. Akaanza kutembea, akihesabu hatua kwa sauti ya chini. Nilidhani anakwenda chooni. Tulipita meza yangu, tukapita nguzo, na alipofika ishirini na mbili akasimama. Mbele yetu alikuwa Fundi Geti, amechutama na grainda yake, anakata bomba la mraba.

"Ishirini na mbili," Bwana Stoo akasema. "Nimezihesabu baada ya macho kuondoka. Nilipokuwa naona, sikuwahi."

Grainda ile hukata chuma chochote. Ilikuwa hapo miaka yote, tuliisikia kila siku, ilitupigia kelele tukiwa tunakunywa chai.

Alinyoosha mkono na pini. Fundi aliipokea, akaigeuza geuza, akaangalia mkatiko, akaniangalia mimi.

"Mzee, hii mbona imeshavunjika? Nikate nini tena?"

"Imevunjika yenyewe," Bwana Stoo akasema. "Hakuna mtu aliyeikata."

Fundi akaifunga kwenye jiliwa. Mimi nikaikaza.